Jiwe la Kahawia Lenye Punje Nyekundu

Magwangala ya Ohn Gaing, yale mabaki ya changarawe iliyokwisha kuoshwa, hayana mwenyewe mpaka mwanamke ayainamie. Ndiyo desturi ya machimbo ya vito ya Mogok tangu zamani. Wanaume huchimba, huosha changarawe, hutoa chao, na kinachotiririka na maji ya tope hadi bondeni ni cha wanawake. Mwanamume hatii mkono pale hata awe na njaa ya kumtoa machozi. Na jiwe aliloliokota mwanamke ni lake. Mume haliuzi, mama mkwe haligawi, na mwenye mgodi akilitamani atalinunua kama mpita njia yeyote.

Asubuhi hiyo Nwe Ni alikuwa ndani ya maji hadi magotini, ungo mkononi, bintiye Wut Yi amefungwa mgongoni kwa kitambaa. Mikono ilichekecha, ila akili ilikuwa kwenye lori. Lori la Hpakant lilikuwa liondoke kesho yake alfajiri kutoka sokoni Mogok, na mumewe, Thet Paing, alishakunja blanketi lake na kikoi cha kubadilisha. Tangu shimo alilokuwa akichimba lijae maji na kufungwa, alikuwa haongei kingine ila Hpakant. Kilichomkwamisha ni nauli tu.

Hpakant watu huenda kutafuta jade, lile jiwe la kijani la thamani. Kuna milima ya taka za jade kule, na vijana wa nchi nzima huipanda kama siafu. Milima hiyo huporomoka. Kaka yake Nwe Ni alikwenda wakati wa mvua za mwaka uliopita, na hakurudi yeye wala mfuko wake. Alirudi mtu mmoja tu aliyesema alimwona mara ya mwisho upande ule ulioanguka. Nyumbani kwao hawakulia sana, maana hapakuwa na maiti ya kulilia.

"We Ma Nwe, unachekecha changarawe au unachekecha mawazo?"

Aliyeuliza ni Dil Kumari, mmoja wa Wagurkha, wahamiaji wa zamani wa pale Ohn Gaing, mwanamke mwenye kipini puani na ulimi usiojua kupumzika.

"Vyote viwili, dada."

"Basi mawazo yako yana tope jingi. Hebu angalia ungo wako. Hapo pembeni, kuna jicho jekundu linakukodolea."

Nwe Ni akatazama. Kati ya changarawe palikuwa na jiwe la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, la kahawia iliyoiva kama sukari guru. Lilikuwa na pande sita zilizonyooka, mtu angedhani limechongwa, na ncha moja ilikuwa imevunjika. Ubavuni mwake ilijikita punje nyekundu, kama punje ya mchele kwa ukubwa. Wekundu ule mtu wa Mogok huutambua hata ukimwamsha usingizini. Ilikuwa yakuti.

Wanawake waliokuwa karibu wakasogea, maji yakichuruzika kwenye vikoi vyao.

"Ndogo, lakini ina damu hiyo!"

"Masikini, yakuti nzuri imeolewa na jiwe baya."

"Kama mimi," akasema mwingine, na kicheko kikaenea bonde zima.

Mama mkwe wake, Daw Ohn Yin, alisikia kicheko akaja taratibu, msokoto wa tumbaku mdomoni, magoti yake yaliyovimba yakilalamika kila hatua. Huyu aliingia magwangalani akiwa mwali, na kila mwanamke pale alimpisha. Alilichukua jiwe, akalisugua kwenye kikoi, akaliinua juani, kisha akamrudishia mkwewe.

"Nyekundu ni nzuri," alisema. "Hii kahawia ni takataka. Mpelekee mjomba Ba Saing aitoe punje. Alasiri iko sokoni, na kesho mwanangu yuko ndani ya lori."

Alisema hivyo kama mtu anayesema wali umeiva. Nwe Ni alilishika jiwe, akasimama. Mwezi mzima alikuwa akiomba apate kitu, naye alikuwa amepata. Amepata nauli ya mumewe.

"Lakini mama," Dil Kumari akaingilia, "siku hizi haya ya pande sita yanaulizwa. Wamekuja watu kutoka Yangon, wamenunua moja kwa shangazi ya mume wangu. Wanaliita painiti. Wanasema ni adimu kuliko yakuti."

"Adimu?" Daw Ohn Yin akautoa msokoto mdomoni. "Haya mimi nimeyatupa vikapu kwa vikapu. Wanangu walichezea kete. Kuna mengine nilizungushia maua yangu mpaka yakapotea udongoni. Kitu cha kutupa vikapu kwa vikapu kinakuwaje adimu?"

Wanawake wakarudia nyungo zao. Swali lilikuwa na makali pande zote mbili, na kila mmoja aliona heri kuliacha lilipo.

*

U Ba Saing alikuwa mjomba wa Thet Paing, mkata vito, na gurudumu lake la kukanyaga kwa mguu lilikaa barazani penye mwanga. Daw Ohn Yin alifuatana na mkwewe hadi huko. Mwenyeji aliwatengea birika la chai na kisahani cha majani ya chai yaliyochachushwa, yamechanganywa na ufuta na njugu. Wut Yi alishushwa chini akapewa vifuniko vya chupa achezee, kwa sababu mawe angeyatia mdomoni.

"Toa punje hiyo, kaka," Daw Ohn Yin alisema kabla hata chai haijamiminwa.

U Ba Saing alikanyaga gurudumu likaanza kuzunguka. Kisha, kama ilivyo kawaida ya kila mkata vito, akamulika jiwe kwa tochi ili ajue aanzie wapi. Akalitazama. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Mguu wake ukasahau kukanyaga, na gurudumu likazunguka peke yake mpaka likachoka.

"Mkwe, njoo uone. Weka jicho hapa."

Nwe Ni akainama. Mwanga ulipopita kwenye jiwe kwa upande ule, lilikuwa jekundu la kiza, kama damu ya kuku iliyoganda. Mjomba akalizungusha kidogo tu kati ya vidole. Jiwe likawa rangi ya chai iliyozimuliwa.

"Jiwe moja, rangi mbili," mjomba alisema.

"Tumalini nayo ina rangi mbili," alisema Daw Ohn Yin. "Na tumalini za kahawia tunazo za kujengea ukuta. Usimvimbishe mtoto kichwa."

"Kweli, dada. Ndiyo maana nina mizani."

Aliitoa mizani yake ya kisonara ndani ya sanduku. Alilipima jiwe likiwa kavu. Kisha akalifunga kwa uzi wa hariri, akalining'iniza ndani ya bilauri ya maji, akalipima tena likiwa limezama. Alifanya polepole, akipuliza mapovu yaliyoganda kwenye uzi.

"Kila jiwe likiingia majini hupungukiwa uzito," alimweleza Nwe Ni. "Tumalini hupungukiwa theluthi. Hili limepungukiwa robo. Ni zito. Kwa hiyo tumalini tuiage."

"Na yakuti?"

"Yakuti nayo hupungukiwa robo, ndiyo shida yenyewe. Kwa hiyo limebaki moja kati ya mawili. Ama ni yakuti ya kahawia, ambayo ukimtupia mbwa atakukasirikia, ama ni painiti." Alilifungua uzi, akaliweka juu ya kitambaa. "Wale watu wa Yangon walikaa hapo ulipokaa. Walisema ndani ya painiti mna boroni, ndugu yake boraksi, ule unga sonara anaonyunyizia dhahabu iyeyuke vizuri. Wakasema miaka mingi painiti zilizojulikana dunia nzima zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Zote zimetoka huku kwetu."

"Zilipatikanaje?" Nwe Ni akauliza.

"Na watu waliokuwa wanatafuta nyekundu. Tungezipata namna gani nyingine?"

Daw Ohn Yin alikuwa anatafuna majani ya chai bila kuangalia mtu.

"Na ukiitoa punje, mjomba?"

"Punje imezama. Lazima nisage ubavu wote wa kahawia ndipo niifikie. Na jiwe lina nyufa, unaziona? Likipata joto la gurudumu linaweza kupasuka lote. Punje nitaitoa salama, hilo nakuhakikishia. Hiyo kahawia nyingine itakuwa unga na vipande."

Ngazi za baraza zikalia. Thet Paing akatokea, kandambili mkononi, anahema. Habari za punje nyekundu zilikuwa zimemfikia kabla ya chai ya asubuhi kupoa. Akambusu Wut Yi utosini, akachuchumaa.

"Mjomba, mbona gurudumu limelala? Kata nyekundu hiyo. Lori ni alfajiri."

"Jiwe si langu, mwanangu. Wala si lako."

Wote wakamtazama Nwe Ni. Yeye alikuwa anamtoa bintiye kifuniko mdomoni.

"Ma Nwe," mumewe akasema.

"Sikati."

"Husikii? Lori ni alfajiri."

"Nimesikia, Ko Thet. Sikati."

Thet Paing akacheka, kicheko kikavu. "Wewe hulijali jiwe. Wewe unataka nisiende tu."

"Nataka usiende. Na jiwe nalijali. Mtu hakatazwi kutaka mawili."

"Basi umesikia watu wanavyoniita pale mkahawani? Bwana Magwangala. Nikiingia tu, 'Karibu Bwana Magwangala, mkeo ameokota nini leo, tuagize chai?' Wewe unaweza kukaa na jina hilo?"

"Na kweli ndivyo wanavyomwita," Daw Ohn Yin akatia chumvi.

"Kaka yangu naye walimcheka," Nwe Ni alisema. Sauti yake haikupanda. "Walimwita mlinda jiko. Sasa hivi hawamcheki."

U Ba Saing alijimiminia chai ambayo hakuitaka. Thet Paing alitazama vidole vya miguu yake vyenye vumbi jekundu la barabarani.

"Mjomba," Nwe Ni akaendelea, "ipo njia ya kulijua leo hiihii?"

"Kuhakikisha kabisa, mpaka Yangon. Kuna taa wanayo, wanalimulika gizani, na painiti inawaka kijani. Lakini ipo njia yetu ya kienyeji." Akafungua mtoto wa meza, akatoa kijiti cha shaba. Kwenye ncha yake kulikuwa kumegandishwa kipande cha yakuti, kikali kama jino la panya. "Yakuti haimwonei yakuti mwenzake. Ukimpitishia, inateleza. Lakini jiwe lolote lililo chini yake kwa ugumu inalikwaruza. Painiti iko chini yake, si sana, ila iko chini. Nikwaruze hapa kwenye ncha iliyovunjika, mahali ambapo mkataji angesaga hata hivyo. Likichorwa, ni painiti. Lisipochorwa, ni yakuti ya kahawia, na hapo hamna hasara, natoa punje mnakwenda zenu."

Nwe Ni alimwangalia mumewe. "Umesikia? Basi tuahidiane mbele ya mama na mjomba. Likichorwa, linabaki zima, linakwenda Yangon, na wewe unangoja majibu hapa nyumbani. Lisipochorwa, mjomba anakata, naiuza punje mwenyewe alasiri hii, na nauli yako nitakukabidhi kwa mikono miwili. Hutanisikia nikisema neno."

Thet Paing alifikiri. "Na nani anakwaruza? Mama mkono wake utakuwa mwepesi, hataki iwe painiti. Mjomba wake utakuwa mzito, naona anavyolitazama."

"Mimi mkono wangu ni wa kazi," mjomba alisema kwa kuudhika.

"Na wewe, Ma Nwe, utalitoboa kabisa."

"Kwaruza wewe," Nwe Ni akasema.

Daw Ohn Yin alipaliwa na njugu. Akakohoa, akapigwa mgongo, akacheka mpaka machozi. "Lo! Umempa fisi alinde bucha. Mwanangu, mkeo amechoka kukuona."

Hata U Ba Saing alisita kutoa kijiti. Kila mtu pale alijua. Ncha ya yakuti ikipita juujuu, bila nguvu, haichori kitu kwenye jiwe gumu namna ile. Mtu angeweza kuipapasa, akaonyesha mikono mitupu, akaenda kupanda lori lake bila kusema uongo hata mmoja. Nwe Ni naye alilijua hilo. Alimpakata mtoto, akakaa.

Thet Paing alilishika jiwe kwa mkono wa kushoto, akaliegemeza kwenye ukingo wa meza. Alichukua kijiti. Akakiweka kwenye ile ncha iliyovunjika, akabaki hivyo kitambo, kama mtu aliyesahau neno.

Nwe Ni hakutazama uso wake. Alitazama kidole gumba. Alikijua kidole kile. Ndicho kilichomkanda kiuno usiku wa uchungu wa Wut Yi, ndicho kilichompaka mtoto poda ya thanaka mashavuni kila asubuhi, mistari imepinda. Aliona ukucha ukianza kubadilika, ukawa wa waridi hafifu, ukawa mweupe. Weupe ukashuka hadi kwenye kiungo. Mishipa ya mkono ikasimama. Kijiti kikatembea, na sauti nyembamba ikatoka, ya kukera meno, mpaka Wut Yi akaziba masikio.

Thet Paing akarudi palepale pa mwanzo. Akakandamiza zaidi, akavuta mara ya pili.

"Basi, basi! Utalivunja!" mjomba akapiga kelele, akampokonya jiwe.

Palikuwa na mstari mweupe.

"Huo ni unga," Daw Ohn Yin akasema haraka. "Ni ncha ya yakuti yako imesagika yenyewe. Futa tuone."

U Ba Saing akalamba kidole, akafuta. Mstari ukatoweka. Jiwe likawa la kahawia tupu, linang'aa kwa mate. Daw Ohn Yin akashusha pumzi kubwa, akaegemea nguzo.

Ndipo Nwe Ni alipomtazama mumewe usoni. Uso ulikuwa umeshuka. Alikuwa ameuona uso ule mara moja tu, siku maji yalipofunika shimo na wachimbaji wakaambiwa warudi makwao. Haukuwa uso wa mtu aliyepata nauli.

"Ngojeni," mjomba alisema. "Macho si kitu." Akaupitisha ukucha wake taratibu kwenye ile ncha. Ukucha ukakwama. Akaupitisha tena, na tena ukakwama palepale. "Kuna mfereji. Umechimbwa. Shika, dada."

Daw Ohn Yin hakutaka kushika, lakini alishika. Aliupitisha ukucha wake uliopindika kwa kazi ya maji, mbele na nyuma, mbele na nyuma, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hatimaye akaliweka jiwe juu ya kitambaa kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto.

"Vikapu kwa vikapu," alisema.

Nwe Ni akammiminia chai. Mama mkwe hakuinywa, ila aliizungushia viganja, akaendelea kuishika hivyo.

"Sisemi ni neno la mwisho," U Ba Saing akaeleza, akilikunja jiwe ndani ya karatasi nyeupe. "Yangon wana mashine zao. Wanaweza kuchukua mwezi, wanaweza kuchukua miwili. Na wanaweza kusema tumekosea. Nimeshawahi kukosea."

"Nitangoja," Thet Paing alisema.

"Hata miwili?"

"Nimesema nitangoja, mjomba."

Mjomba akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule usio na tambuu. "Unajua, kijana, ungelipapasa tu hapo, kidogo tu, nani angekugundua…"

"Mjomba, tafuna tambuu yako."

*

Walishuka njia ya bondeni jua likiwa limeegemea milima. Daw Ohn Yin alibaki barazani kwa kaka yake. Alisema magoti yanamuuma, atakuja baadaye. Karatasi yenye jiwe ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kikoi cha Nwe Ni, na kila hatua mbili tatu mkono wake ulikwenda kuigusa. Hakujua bado kama amebeba utajiri au jiwe tu. Alijua kesho asubuhi nani atamsaidia kuteka maji.

Wut Yi alikuwa amesinzia. Thet Paing alimpokea mkewe mtoto bila kuambiwa, akamlaza begani.

"Mbona ulikandamiza vile?" Nwe Ni akauliza.

"Mkono uliteleza."

"Mara mbili?"

Walipita daraja la mbao, wakampisha mama mmoja na punda wake wa kuni, wakaendelea. Mahali njia inapoanza kupanda, Thet Paing akamhamisha mtoto bega la pili.

"Nyumbani kuna mchele?"

"Upo."

"Na pilipili?"

"Pilipili imeisha."

"Basi tupitie kwa Dil Kumari," alisema, na kushika njia ya kushoto.